Nusu Saa ya Namba Tatu

Jumanne ile picha iliganda daktari akiwa amefumba midomo. Alikuwa anamwonyesha binti yangu namna ya kusema "ba", na "ba" huanza kwa kufumba. Swafiya alikuwa mapajani mwangu, naye amefumba ya kwake, mashavu yamejaa pumzi, tayari. Akangoja. Kioo cha simu hakikusogea. Akanyoosha kidole, akaigusa midomo ya daktari pale kwenye kioo, akanitazama, kisha pumzi yote akaitoa kwa pua. Siku nzima hakujaribu tena.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, si dakika moja mbele wala nyuma. Sikuwa na haja ya kutazama saa. Mtu aliyechomoa ule waya huko juu hakosei dakika.

Nikampachika mtoto kiunoni, nikachukua mchi wa kinu nyuma ya mlango, nikapanda ngazi mpaka juu kabisa, penye lile sanduku la mbao la nyaya za intaneti. Kufuli lilitaka mapigo matatu. Nikafungua, nikaona nyaya kumi na mbili zimepangwa kama nywele zilizosukwa, kila moja na karatasi yake ya namba. Nikachomoa uliokuwa umechomekwa, wa namba nne, nikachomeka wetu.

Nilipogeuka, msimamizi wa jumba alikuwa amesimama ngazi ya tatu kutoka juu, daftari mkononi. Hakupiga kelele. Alikigeuza kiganja akatazama saa yake, akaandika huku akijisomea kwa sauti: "Namba tatu. Saa nne na dakika thelathini na tisa. Amevunja kufuli."

"Andika na mchi," nikamwambia.

Akaandika na mchi.

Basi huyo ndiye mtu ninayetaka kueleza habari zake. Nimekaa jumba moja naye Mokowe miaka mitatu, na sijui kama nimewahi kumchukia mtu niliyemheshimu hivyo.

Saa yake aliifunga upande wa ndani wa mkono, pale daktari anaposhika kusikiliza mapigo. Nilidhani ni madaha ya uzee. Siku moja akanieleza: alikuwa opareta wa simu wa posta, kule Amu, mjini Lamu, tangu kijana mpaka walipoleta mitambo isiyohitaji mtu. Opareta mkono wake huwa juu, umeshika waya, kiganja kimemwelekea. Saa ikikaa nje huioni. Kazi ilikwisha, mkono ukabaki na desturi yake.

Hakutuita kwa majina. Aliita namba za milango. "Namba saba, maji yamerudi." "Namba kumi, una mgeni." Watu wa bara walidhani ni dharau. Madam wa namba kumi, mwalimu wa kemia, alimwambia waziwazi, "Mzee, mimi si mfungwa. Niko na jina." Akamjibu kwa upole, "Nalijua, mwanangu. Na la mamako nalijua. Lakini jina ni lako, si langu la kutangaza kwenye ngazi." Na kweli alilijua. Alijua pia kila namba ya simu kwa kichwa, kwa sababu kwenye simu yake ndogo ya vibonye hakuhifadhi hata moja. Siku Swafiya alipoanguka kwenye ngazi akapasuka kipaji cha uso, mimi bado natafuta viatu, yeye alikuwa ameshaongea na boti ya kutuvusha na muuguzi wa upande wa pili, na amemwambia kila mmoja maneno machache yanayotosha. Nilipofika gatini boti ilikuwa inanguruma inatungoja. Hilo nalisema kwa sababu ni haki yake. Nina mengine ya kusema.

Jumba letu lina milango kumi na miwili na kila kitu kinachotoka hewani kilipita mkononi mwake. Tuanze na televisheni. Dishi lilikuwa moja juu ya paa na kisimbuzi kimoja, nacho kilikaa chumbani kwake chini ya ngazi. Kutoka hapo alivuta nyaya mpaka kwa kila mpangaji. Maana yake, anachotazama yeye ndicho mnachotazama nyote. Akiweka habari, jumba zima ni habari. Afande wa namba saba alikuwa akimwandikia barua ya kuomba mpira. Barua, si utani, kwa sababu kwa mdomo hakupokea. Akaweka mpira, watu wakajaa kwa Afande mpaka kwenye ngazi, na penalti ikiwa inapigwa adhana ikaingia. Akazima. Jumba zima likapiga ukelele mmoja. Afande akashuka na fulana, "Mzee, mpira ulikuwa hewani."

"Utatua," akasema, "na mimi nasali." Akaenda msikitini.

Tamthilia za mapenzi alizikataa. Alisema zimewafanya wasichana wa nti hii wadhani kuolewa ni kulia. Lakini kila siku saa nane mchana, habari zikikoma, kioo changu kilihama chenyewe kwenda kwenye ile tamthilia ya mke wa pili na mama mkwe mwenye sumu, kikakaa huko saa nzima. Jumba zima lilijua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu sote tulikuwa tunaifuata. Siku moja mama mkwe alipomimina ile chai ya sumu nikasikia kutoka chini ya ngazi, "Mwanamke huyu laana." Jioni nikamsalimia, nikamuuliza, "Msimamizi, yule mke wa pili atapona kweli?" Akanitazama bila kupepesa. "Sijui wamzungumza nani, namba tatu."

Siri zake zilianikwa kila mchana kwenye vioo kumi na viwili, lakini za watu alizizika. Enzi za posta, alisema, ilibidi asikilize kidogo ili ajue mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo aliyajua ya mui mzima, mji wote wa Amu: nani ameposa wapi, nani amekana deni, nani analilia nani. Hakuna hata moja lililotoka. Alinipa mfano mmoja tu, na ulimhusu yeye mwenyewe. Mtu mmoja alikuja posta akataka laini ya mkubwa wa simu Mombasa, kumshitaki opareta wa Amu kwamba ana kiburi. "Opareta nilikuwa mimi," alisema. "Nikamuunganisha. Laini ilikuwa mbovu siku hiyo, ikakatika mara mbili. Nikamuunganisha mara mbili."

"Akasemaje?"

"Alisema kweli nyingi."

Sasa intaneti. Kampuni ilipovuta waya wake mpaka Mokowe, mwenye jumba, ambaye anaishi Mombasa na hatujawahi kumwona ila kwa sauti, alikubali laini moja ya wote, akasema mengine mwongee na msimamizi. Wiki ya kwanza iliachwa wazi. Afande akaanza kushusha filamu asubuhi mpaka jioni, moja baada ya moja, kana kwamba dunia inafungwa. Madam alikuwa akizungumza na babake mgonjwa Kisii na sauti ya baba inakuja vipandevipande. Wakagombana kwenye ngazi.

"Afande, unamaliza network yote na hizo movie zako."

"Madam, kwani nimekukataza kuingia?"

Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Siku ya pili akashuka kwa fundi seremala. Baada ya wiki tukawa na sanduku, kufuli, nyaya kumi na mbili na daftari. Kila mlango na waya wake, na kila waya na zamu yake, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri. Zamu ikifika anachomeka, ikiisha anachomoa. Fundi wa kampuni alipokuja kutazama alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hii kitu inabeba watu wote mara moja."

"Na wakigombana humo ndani, nani atawaamua?"

Fundi akainuka akajipangusa suruali. Niseme ukweli, wiki zile za mwanzo niliupenda mpango. Nusu saa yako ni yako. Hakuna anayekuvuta shati. Madam aliongea na babake akamwona mpaka meno. Ile kazi ilikuwa nzuri kuitazama: nyaya zimenyooka, namba zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wenye mikia, na mzee anapanda na kushuka ngazi kwa dakika zake, mgongo umenyooka, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

Kisha ndipo tukaanza na daktari.

Swafiya ana miaka minne. Masikio yake yalijaa maji tangu mchanga na hatukujua. Nyumbani Kizingitini walisema mtoto mpole. Alipopasuliwa akaanza kusikia, lakini maneno hayakuwa yanamngojea, inabidi afundishwe moja moja kama mtu mzima anayejifunza lugha ya ugenini. Mtaalamu, huyo daktari wetu, yuko Mombasa. Mume wangu yuko Kizingitini kwenye biashara ya kamba wa baharini, huja mara moja kwa wiki. Mimi nilihamia Mokowe kwa sababu ya basi la Mombasa, na basi la kila wiki na mtoto huyu likatushinda sote wawili. Mtaalamu akasema basi tufanye kwa video, kila Jumanne saa nne, dakika arobaini. Chini ya hapo hakuna maana, alisema, kwa sababu Swafiya ni wa kupasha moto. Dakika ishirini za kwanza anamtazama tu. Kisha anatabasamu. Kisha, ukimwacha, anafungua mdomo.

Bando za simu nyumbani kwangu hazifanyi kazi. Tuko chini, ukutani mwa mwisho, mtandao unafika kwa bahati. Watu wa chini tunaongelea kwenye dirisha la ngazi ghorofa ya pili, tumebanana, kila mtu anajua ya mwenzake. Nilimpeleka Swafiya pale mara moja. Kila aliyepita alimsalimia, naye kila aliyemsalimia alimfungia mdomo.

Nikaenda kwa msimamizi. "Nataka dakika kumi zaidi, Jumanne tu."

"Nikikupa kumi, namba nne atabaki na ngapi?"

"Namba nne ni mlinzi wa gati, anarudi asubuhi. Saa hizo anakoroma, mzee. Unamchomekea mtu aliyelala."

"Laini ni yake hata akilala."

Nikamngoja namba nne alasiri, nikamuomba. Akacheka, "Mama Swafiya, chukua yote, mimi ya nini?" Nikarudi na jibu. Msimamizi akafungua daftari akanionyesha kanuni aliyoiandika mwenyewe: anayetoa zamu yake aje mwenyewe, kwa saa yake, aweke sahihi. Kwa saa yake ndiyo saa anayolala. Alikuja Jumanne moja, macho mekundu, na baada ya hapo nikaona haya kumwamsha.

Nikaomba laini yangu mwenyewe. Mafundi walikuja kutoka Malindi mara mbili, na mara mbili wakarudi, kwa sababu karatasi yao inataka sahihi ya jumba kabla ukuta haujatobolewa. Msimamizi alisema ukuta ni wa mwenye jumba. Mwenye jumba kwenye simu alisema, "Ongeeni na msimamizi." Mara ya pili fundi alikuwa ameshatoa mashine ya kutoboa, imekaa sakafuni kwangu, Swafiya anaipapasa.

Nikamuuliza mzee, kwa nini wewe, wewe wa simu, unazuia waya?

Alijibu siku stima ilipokatika na hakuwa na cha kuchomeka. Alikuwa ameketi ngazi ya chini na kikombe cha kahawa. Akaniita, "Ndoo uketi, namba tatu."

"Posta ilikuwa dakika tatu," akasema. "Wengine wangoja, wewe dakika tatu, basi. Palikuwa na tajiri moya, rafiki yangu, akinitumia halua kila Ijumaa. Siku hiyo azungumza na Mombasa habari za mbao. Tatu zikaisha, nikamwongeza. Zikaisha, nikamwongeza. Kulikuwa na mtu Malindi aomba laini ya Amu. Nilipompa, kumbe alikuwa akimwita kakake amuwahi mama yao, yu taabani. Yule akakimbia, akavuka, akafika hapa Mokowe, basi limekwenda. Mama akazikwa na mwanawe yuko barabarani." Akaizungusha kahawa kikombeni. "Tangu hapo sijampa mtu dakika isiyo yake."

Nilimhurumia. Sikatai. Nilikaa pale mpaka kahawa yake ikaisha. Lakini nilipokuwa narudi ndani na mtoto amelala begani, nikaona kosa lake, na tangu nilione sijaweza kuacha kuliona. Yule tajiri aliongezewa kwa halua. Mwanangu anaomba kwa sababu ana midomo isiyojua kufunguka. Mzee aliyatia mambo haya mawili kapu moja akalifunga kufuli, akaiita haki. Jumanne kumi na moja alituchomolea waya pale pale mtoto anapoanza kutabasamu. Ya kumi na mbili ndiyo ya mchi.

Jioni ya siku ile Madam alinigongea. "Mama Swafiya, nimeskia. Wewe ni noma." Kisha akakaa kitako kwenye mkeka, akasema taratibu, "Lakini ukivunja kila wiki, utakuwa wewe ndiye mbaya. Andika."

Shule nilimaliza kidato cha nne, na insha nilikuwa naweza. Niliandika siku mbili. Ya kwanza ilikuwa matusi, nikaichana. Ya pili ilikuwa machozi, hiyo niliichana vipande vidogo zaidi. Ya tatu ilikuwa barua. Kikwazo kikawa kimoja: ukutani chini ya ngazi kuna tangazo, kwa ule mwandiko wenye mikia, kwamba malalamiko yote kwa mwenye jumba yapitie kwa msimamizi.

Basi Alhamisi asubuhi nikampelekea msimamizi barua ya kumshitaki msimamizi. Nilikuwa nimevaa buibui la kutokea, na mtoto nimemvisha viatu.

Chumba chake sikuwahi kukiingia. Kitanda kimetandikwa kimekazwa kama ngoma. Televisheni imezimwa. Juu ya meza kalamu tatu, na kisikizio cha zamani cha opareta, cha kuvaa kichwani, sponji zimeliwa na mende. Swafiya alikiendea moja kwa moja. Nilitaka kumzuia, mzee akaniashiria nimwache. Akakivaa. Kikamfika mabegani.

Akaisoma barua yangu yote, kidole kikifuata mstari. Alipofika alipoitwa "mkaidi asiyetofautisha mtoto na mfanyabiashara wa mbao" kidole kilisimama. Nikangoja. Kikaendelea.

"Haina saa," akasema.

"Nini?"

"Waandika 'mara nyingi'. Mara nyingi ni ngapi? Mkubwa atauliza. Shitaka lisilo na saa ni manung'uniko." Akavuta daftari, akalipekua nyuma, akaanza kunisomea, naye ananisogezea kalamu. Jumanne ya kwanza, namba tatu, imechomolewa saa nne na nusu. Ya pili, saa nne na nusu. Zote kumi na moja. Pembeni ya kila moja, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika kitu. Nikainama kusoma. *Mtoto alikuwa akicheka. Mtoto alikuwa akicheka. Mtoto alitoa sauti.*

Kumbe alisikia. Dirisha langu na ngazi vimepakana. Alikuwa anasikiliza kidogo, ajue kama mazungumzo yamekwisha, na alijua hayajakwisha, na alipanda akachomoa.

Hasira iliyonishika hapo ilikuwa mpya kabisa. "Ulijua," nikasema.

"Nalijua."

"Na unanipa niandike."

Aliitoa miwani. Bila miwani alikuwa mzee sana. "Mimi ni mpokezi wa simu, Mama Swafiya," akasema, na ndiyo mara ya kwanza na ya pekee aliyoniita hivyo. "Ikipigwa ya kunishitaki mimi, naiunganisha. Hiyo ndiyo ndia ninayoijua. Andika."

Nikaandika barua upya pale pale mezani kwake, kwa kalamu yake. Hii ndiyo iliyokwenda Mombasa:

Kwa Mwenye Jumba,
Kupitia kwa Msimamizi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU LAINI YA INTANETI, NYUMBA NAMBA TATU

Mimi ni mpangaji wako wa miaka mitatu. Nina mtoto wa miaka minne anayefundishwa kusema kwa njia ya video, kila Jumanne saa nne asubuhi, kwa dakika arobaini. Msimamizi hutupa thelathini. Jumanne kumi na moja amechomoa waya saa nne na nusu kabla mtoto hajamaliza. Saa zote zimenakiliwa kutoka daftari lake, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea.

Simshitaki kwa wizi wala upendeleo. Namshitaki kwa kutompendelea mtu hata pale inapopasa. Amekuwa akimchomekea aliyelala na kumchomolea anayejifunza kusema, na alijua.

Sitaki aondolewe. Hakuna mwingine katika jumba hili anayezijua namba zote kwa kichwa. Naomba mawili. Kwanza, asaini karatasi ya kampuni ili ukuta wangu utobolewe niwekewe laini yangu. Ukuta nitauziba mwenyewe siku nikihama. Pili, mpaka hiyo laini ifike, Jumanne ni dakika arobaini. Siombi kwa wema. Ndicho kipimo alichotoa daktari.

Jumanne iliyopita nilivunja kufuli la sanduku kwa mchi. Nakiri na sijuti. Kufuli jipya nimenunua na naliambatanisha hapa. Lilikuja na funguo mbili. Mmoja nampa msimamizi. Wa pili nabaki nao.

Wako,
Mama Swafiya, namba tatu.

*Imepokelewa na msimamizi, Alhamisi, saa tano kasoro dakika nne. Vilivyopokelewa: barua moja, kufuli moja, ufunguo mmoja.*